Nzi wa Isinya, Mbuzi wa Mashuuru

Nimestaafu kabla sijafika miaka thelathini. Chekeni tu. Hata mama yangu alicheka, halafu akakumbuka vile kifua changu hupiga filimbi nikilala, akanyamaza. Aliyenistaafisha ni daktari wa kifua. Alisema vumbi la mabawa ya nzi na ukungu wa chakula chao vimenikataa, na kila nikifungua kichupa mwili wangu unadhani umevamiwa. Nichague kupumua ama nichague nzi. Nilimwomba muda kidogo nifikirie, na mngeona vile aliniangalia mngejua mambo yangu na hao wadudu yalikuwa yamefika mbali.

Mzee Kyalo, aliyenifundisha kazi, amesema mtu haondoki hivi hivi, lazima awaachie wanaobaki maneno. Kwa hivyo haya ni yenu, nyinyi mtakaokaa kwenye kiti changu. Mimi ni mtu wa D plus ya kidato cha nne, msitarajie maneno marefu. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwepo, na mshahara sitautaja kwa sababu ni mdogo, ungepita katikati ya kizibo cha pamba cha kichupa bila kugusa upande wowote.

Nilikuja Isinya kuosha vichupa. Nyumbani Kitengela niliambiwa ni "kazi ya utafiti wa kansa", na mimi, mtu wa ndoto, njia nzima nilikuwa najiona na koti jeupe, nikimshika mgonjwa mkono na kumwambia atapona. Nilifungua mlango wa maabara nikapigwa na harufu ya pombe. Nilidhani nimekosea jengo. Mbele yangu alisimama mzee mfupi mwenye aproni, anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko kama yuko kwa harusi.

"Funga mlango, unatoa joto," akasema.

"Hii ni ya nani, mzee?"

"Ya wagonjwa."

"Na wako wapi?"

Akanyoosha mwiko kwenye rafu. Kulikuwa na vichupa kutoka sakafuni mpaka juu, vyote vimezibwa kwa pamba, na ndani ya kila kimoja vitu vidogo vinatembea. Nikasogea. Ni wale nzi wadogo wa ndizi mbivu, wale unaofukuza kwa mkono jikoni.

"Hawa?"

"Hawa. Na usiwaangalie hivyo. Ndio watakulipa."

Hiyo siku nilirudi nyumbani nikamwambia baba ukweli wote. Baba amepasua mawe kwa kwari za Kitengela tangu nizaliwe, na mikono yake haiogopi chochote, lakini neno nzi lilimshinda kumeza. Aliniuliza kama wanalipa. Nikasema ndiyo. "Basi sema unafanya utafiti," akasema, "hiyo ingine waachie wenyewe huko." Jumapili, baada ya ibada, nilimsikia akimwambia mzee wa kanisa kwamba msichana wake yuko kwa mambo ya kansa. Hakudanganya. Aliwaacha tu nzi nyumbani.

Sasa kazi yenyewe. Uji wa nzi ni unga wa mahindi, hamira, molasi kutoka duka la dawa za mifugo, na agari, ule unga wa mwani unaofanya uji ugande kama jeli. Ukiuacha upoe kabla ya kumimina, unakugandia kwa sufuria na umepoteza asubuhi. Ukimimina ukiwa moto sana, kichupa kinatoa jasho na nzi wanazama kwa matone. Mzee Kyalo hupima kwa kugusa sufuria na nyuma ya mkono, vile mama hupima maziwa ya mtoto. Dawa ya kuzuia ukungu inaingia mwisho, baada ya moto kuzimwa. Mimi niliwahi kuisahau, na kufikia mwisho wa wiki rafu nzima ilikuwa na manyoya. Mzee hakunigombeza. Alileta kiti akanikalisha mbele ya hiyo rafu, akaenda kunywa chai.

Kuwalaza nzi tunatumia gesi ile ile inayofanya soda itoe povu. Wakilala unawamwaga kwenye kipande cheupe chini ya hadubini, unawatenganisha kwa brashi ndogo ya kuchorea. Dume ana kitako cheusi. Jike ana mistari mpaka mwisho. Brashi ishike kama unafuta chozi la mtoto. Siku za kwanza mkono wangu ulivunja miguu mingi na kila mguu niliomba msamaha kwa sauti, mpaka Mzee akauliza kama nimeleta mchungaji.

Halafu kuna mabikira, na hapa msicheke. Ukitaka kujua mtoto wa nzi ni wa baba gani, lazima mama yake awe hajakutana na dume yeyote kabla. Jike akitoka kwenye ganda anakaa masaa machache tu kabla ya kukubali dume, kwa hivyo lazima umtoe asubuhi, na urudi jioni, bila kukosa. Siku moja nilichelewa mazoezi ya kwaya. Mwalimu akaniuliza mbele ya watu niko wapi, na mimi bila kufikiria nikajibu, "Nilikuwa nakusanya mabikira." Sauti ya kwanza ilicheka, sauti ya tatu ikakohoa, na mke wa mchungaji aliniomba tuongee kando.

Kwa nini nzi? Watu watawauliza, na msiwe kama mimi, niliyekuwa nikiinamisha kichwa. Waambieni hivi. Ndani ya mwili kuna maagizo yanayoambia kila sehemu ikue lini na isimame lini. Kansa ni maagizo yaliyoharibika. Mengi ya maagizo hayo, nzi naye yuko nayo, karibu sawa na yetu. Nzi anazaliwa na kuzeeka haraka, anakula uji, na wengi wanakaa kwa kichupa kimoja. Unaweza kumharibia agizo moja uone kinachotokea, halafu uweke dawa kwa uji uone kama kitu kitabadilika. Nyingi hazibadilishi kitu. Lakini moja ikionyesha dalili ya kusaidia, wakubwa wanaipeleka mbele, kwa wanyama wengine, na pengine miaka mingi baadaye kwa mtu.

Walionishinda moyo ni mabuu wakubwa. Wanazaliwa wakiwa na uvimbe kichwani, mahali jicho lingekuwa, na huo uvimbe umewekewa alama ya kung'aa kijani ukiumulika kwa mwanga wa buluu. Buu wa kawaida akishiba anapanda ukuta wa kichupa, anajifunga kwenye ganda, anatoka na mabawa. Hawa hawapandi. Wanaendelea kula na kuvimba kama baluni, wanakuwa wakubwa kuliko ndugu zao, mwili unakuwa mwangavu mpaka unaona ndani. Unawamulika siku ya kwanza, kijani iko mahali pamoja. Unarudi siku zinazofuata, imeanza kutembea, imeshika njia ya mishipa kuelekea kwenye mwili. Kazi yangu ilikuwa kumulika na kusema imefika wapi. Nilikuwa nalia, nasema ni molasi imeniingia machoni.

Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo wakati Mutuku alisema anataka kunioa.

Mutuku ni fundi wa pampu za maji, kwao ni upande wa Mashuuru, Wakamba wa kanisa na shamba. Yeye alijua habari ya nzi tangu mwanzo na alipenda sana. Alikuwa akiona nzi kwa embe anasema, "Msalimie shemeji." Kwao aliwaambia nafanya utafiti wa kansa, maneno yale yale ya baba. Mashuuru wakayasikia vile mtu yeyote angeyasikia. Wakaanza kuniita daktari.

Kwa kina Mutuku, kabla mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza wa kuposa, hawajaingia kwa kina msichana, hakuna uhusiano. Hao mbuzi ndio wanaofungua mlango. Kabla yao, watu wake hawaombi nyumba yetu chochote, hata maji ya kunywa wangekunywa wakiwa wamesimama. Nililijua hilo kama desturi nzuri ya heshima. Siku ikapangwa.

Nikaisongesha mbele. Tulikuwa katikati ya kuzalisha kizazi cha mabuu wale wakubwa, Mzee Kyalo alikuwa ameenda kumzika dada yake, na hakukuwa na mtu wa kukusanya mabikira asubuhi na jioni. Ukikosa siku moja unarudi nyuma mwezi mzima. Nilimpigia Mutuku, akasema sawa. Siku ya pili ikapangwa, na utitiri ukaingia kwa rafu, wale wadudu wadogo wanaokula mayai ya nzi, ikabidi tuhamishe kila kichupa. Nikasongesha tena. Mutuku akasema, "Wazee wangejua, wangeuliza kama nzi ndio wanatoa mahari." Tukacheka wote wawili. Nataka mkumbuke tulicheka.

Mara ya tatu walikuja kwetu Kitengela. Hema lilikuwa limewekwa uwanjani, viti vya plastiki, sufuria za pilau. Mimi nilifichwa chumbani na binamu zangu kama inavyotakiwa, nikisikiza kupitia dirisha. Mbuzi walikuwa wanalia getini na msemaji wao, mjomba wa Mutuku mwenye sauti nzito, alikuwa anabishana na wazee wetu.

"Hawa mbuzi wametembea kutoka Mashuuru?" mzee wetu mmoja akauliza. "Mbona wamekonda hivi?"

"Wamekonda kwa kungoja. Tumepanga safari mara tatu, mbuzi wakavunjika moyo."

Watu wakaangua kicheko. Mbuzi wakaingia, vigelegele vikapigwa. Haikupita muda, mlango wa chumba ukafunguliwa akaingia mama mmoja mwembamba, leso imefungwa vizuri, viatu vya kanisa. Alijitambulisha kama Shangazi Ndunge, dada ya baba ya Mutuku, yule aliyemlea. Akawaomba binamu zangu watupishe kidogo. Akafunga mlango mwenyewe.

"Sasa mbuzi zimeingia," akasema, "naweza kuongea na daktari wangu."

Akafungua vifungo vya blauzi. Titi la kushoto lilikuwa limevutwa ndani upande mmoja, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa. Alishika mkono wangu akauweka hapo, bila haraka, kama mtu anayeonyesha mahali pa kuweka mzigo. Lilikuwa gumu kama jiwe la mto.

"Imekuwa hapa tangu lini, Shangazi?"

"Tangu tuvune mbaazi. Nilitaka kuja wakati ule ule. Nikasema hapana, huyu ni daktari wa kwetu, lakini bado hajakuwa wa kwetu. Nitaendaje kumfungulia nguo kabla hatujaleta kitu? Nikangoja mbuzi."

Nilihesabu kichwani. Mbaazi, halafu siku ya kwanza niliyoisongesha, halafu siku ya pili. Joto lilinipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo. Ile ya mabikira kwa kwaya ilikuwa mchezo.

"Shangazi, mimi si daktari."

"Usijishushe, mama."

"Si kujishusha. Mimi hupikia nzi uji."

Akaniangalia. Akaanza kufunga kifungo kimoja, akaacha.

"Nzi gani?"

"Wale wa ndizi."

"Na hao nzi wako na kansa?"

"Tunawapa."

"Mnawapa!" Akashika mdomo. "Ngai! Na mnawatibu?"

"Tunajaribu dawa kwa chakula. Wengine inasaidia kidogo. Wengine haisaidii."

Alikaa kitandani. Nilidhani atalia ama atanitukana, na ningepokea yote mawili. Badala yake mabega yake yakatetemeka na nikaona anacheka, kicheko cha chini kisicho na furaha nyingi. "Tumeoa msichana wa nzi," akasema. "Na kaka yangu ameambia Mashuuru yote." Halafu akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. "Basi. Usiseme kwa mtu. Nimengoja mbuzi, nitangoja na harusi. Baada ya harusi nitaenda hospitali. Sitaki watu wakule pilau wakiniangalia kifua."

Hapo ndipo nilijua kitu ambacho D plus yangu haikunifundisha na rafu ilinifundisha. Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia habari ya mabuu, vile kijani huanza mahali pamoja, vile hutembea wakati buu anakula tu na kunenepa kama hakuna kitu. Nikamwambia mimi ndiye huwa ninamulika. Nikamwambia haingoji mtu amalize sherehe.

"Shangazi, twende Jumatatu. Mimi na wewe."

"Baada ya harusi."

"Basi hakuna harusi mpaka uende."

"Utasema nini kwa wazee? Utanitaja?"

"Sitakutaja. Nitajitaja mimi."

Msichana hatoki kabla hajaitwa. Nilitoka. Nilipita katikati ya hema na gauni langu la kushonewa, watu wakadhani nimeitwa wakaanza kupiga makofi, halafu makofi yakafa yenyewe upande mmoja baada ya mwingine. Baba alikuwa amekaa mbele, koti la suti limemkaza mabega. Sikumwangalia, na bado namwona.

"Samahani wazee," nikasema. "Nimesikia naitwa daktari. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufuga nzi huko Isinya, nawapikia, nawahamisha, nawaangalia. Wanatumika kwa utafiti wa kansa, lakini mimi siwezi kumtibu mtu. Kama kuna mtu yeyote, huku kwetu ama huko kwenu, ana kitu mwilini na alikuwa ananingoja, asiningoje. Aende hospitali wiki hii. Nitamsindikiza mwenyewe. Siku ya harusi isipangwe leo."

Mbuzi mmoja akalia. Baba aliinamisha kichwa, akaanza kusugua kidole gumba kwa kiganja, vile hufanya jiwe likimpasukia vibaya. Yule mjomba wa Mashuuru alisimama pole pole.

"Nzi," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Wa kufugwa."

"Ndiyo."

Akageukia upande wake. "Nyinyi mlisema daktari." Akakaa. Mutuku alikuwa amesimama nyuma, na uso wake ulikuwa umeelewa tayari, kwa sababu macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa mlango wa chumba, mahali shangazi yake alikuwa amesimama na mkono umeshika nguzo.

Pilau ililiwa, kwa sababu pilau huliwa, lakini ililiwa kama ya matanga. Jioni baba aliniambia neno moja tu: "Ungeniambia mimi kwanza." Nilikuwa nimemwambia siku ya kwanza kabisa. Sikumkumbusha. Nilimwona ameaibika vya kutosha, na mimi nilikuwa na yangu.

Jumatatu tulienda Kajiado, Shangazi, Mutuku na mimi. Tulipanga foleni mpaka jua likawa kali. Daktari alikuwa kijana, pengine umri wangu, ana koti jeupe kama lile la ndoto zangu. Alimshika vizuri, kwa heshima, akaandika, akauliza amekaa nalo muda gani. Shangazi akasema. Akauliza mbona hakuja mapema.

"Nilikuwa nangoja mbuzi," Shangazi akasema.

Daktari akaniangalia nimtafsirie. Nilieleza yote, desturi, ntheo, siku nilizosongesha na kwa nini. Nilisikia sauti yangu ikitaja vichupa na mabikira katika chumba ambacho mama amekaa amevua blauzi. Hakucheka wala hakunilaumu. Aliandika barua ya kwenda Nairobi, akasema, "Mmekuja. Twende na hiyo."

Titi lilitolewa. Walikuta imeanza kushika kwapa. Kwapa tu, walisema, na wakasema hilo neno tu kwa namna ya kutupa moyo. Nilimwuliza daktari wa upasuaji kama tungekuja wakati wa mbaazi ingekuwaje. Alisema hawezi kujua. Alikuwa mtu mwema, na alisita kabla ya kujibu. Kule kusita kwake ndiko ninakolala nako.

Dawa zilimmaliza nywele, zikampa ladha ya chuma kwa ulimi. Alikaa kwetu Kitengela muda wote huo, kwa sababu ni karibu na Nairobi, na baba yangu ndiye alikuwa anamletea supu ya kichwa cha mbuzi kutoka sokoni, anaiweka mlangoni anaenda. Siku moja nilimsikia akimweleza jirani, "Msichana wangu hufuga nzi." Alikohoa katikati, lakini alimaliza. Harusi ilifungwa baadaye, ndogo, Shangazi amevaa kilemba cha manjano, na yule mjomba akanipa zawadi ya chandarua akasema ni ya kazini.

Nilirudi kwa vichupa nikafanya kazi mpaka kifua kiliponishinda. Mzee Kyalo sikuwahi kumweleza yote. Alijua nusu, na kwa hiyo nusu alinibadilishia zamu bila kuulizwa kila siku ya kliniki ya Shangazi. Hilo nalo shikeni: mwenzako akiwa na mgonjwa, kusanya mabikira wake. Na nyumbani wakikuuliza kazi yako, taja nzi kwanza, kabla ya kansa. Itakuchoma kidogo.

Shangazi yuko Mashuuru sasa. Anaenda kuangaliwa, anarudi, bado hawajamwambia amemaliza. Wiki iliyopita alinipigia nikiwa nakunja aproni yangu ya mwisho. Hakunisalimu.

"Nyambura, kuna mama hapa jirani. Ana kitu kwa shingo. Anasema anangoja mtoto afunge shule. Ongea naye." Nikasikia simu inabadilisha mikono, na pumzi ya mtu asiyejua aanzie wapi.

Nikamwambia jina langu. Nikamwambia nilikuwa mfuga nzi, si zaidi, lakini nimeona kungoja kunafanya nini, na aende kesho.

"Sawa, daktari," akasema.

Nikamsahihisha. Halafu nikamwuliza ataondoka na gari la saa ngapi, na sikukata simu mpaka aliponiambia.